Fremu ya Chini

Nyangoto,
6 Oktoba 1997

Kwa Fundi Tamimu Faridu,
Fundi wa Vioo,
Nkende, Tarime.

Mzee, shikamoo.

YAH: KUONDOA FREMU KWENYE TANGI LA SAMAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeagizwa na Bwana Simioni Waitara, mnunuzi wa dhahabu wa hapa Nyangoto, nikuandikie kuhusu tangi la kioo ambalo gari letu litakuletea Jumatano. Alilinunua kwa Mzungu mmoja, mtafiti wa miamba, aliyekuwa anarudi kwao. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, kimo 45, na unene wa kioo ni milimita sita. Nimepima mara tatu. Lina fremu ya plastiki nyeusi juu na nyingine chini.

Bwana Waitara anajenga nyumba ya wageni Mugumu. Anataka tangi hili likae mapokezi likiwa na samaki, lakini bila fremu, kioo kitupu, kama lile aliloliona hotelini Mwanza. Ufunguzi ni tarehe 20 Desemba.

Sharti ni moja. Vipande vyote vya fremu, gundi ya zamani, hata vumbi litakalotokana na kukwangua, viwekwe kwenye mfuko na kurudishwa kwake. Tafadhali usitupe chochote.

Tangi hili limekuwa likitumika kufugia samaki.

Wako mtiifu,
Kny: S. Waitara


Nkende, Tarime,
11 Oktoba 1997

Kwako Karani wa Bwana Waitara,

Umeniamkia shikamoo halafu hukuandika jina. Sasa marahaba nimwitikie nani, Kny? Nimemuuliza binti yangu Sabaha, akasema huenda ni jina la Kijerumani. Tumecheka. Ukiandika tena jitaje, nikuitikie kama mtu.

Tangi limefika salama. Mwambie bosi wako maneno haya taratibu, maana wenye haraka hawapendi kuyasikia. Ile fremu si pambo, ni mkanda wa suruali. Tangi la ukubwa huu likijaa linabeba maji kilo mia mbili na ushee, na maji hayo yanasukuma kioo cha mbele na cha nyuma vitoke nje. Fremu ya juu ndiyo inayovizuia visitune katikati. Kioo cha milimita sita kwa kimo hicho, ukikivua mkanda ukajaza maji, leo kitasimama, kesho kitasimama, siku ya tatu kitapasukia miguuni mwa wageni.

Kwa hiyo nitavua fremu zote mbili na kukwangua gundi yote ya zamani, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Nitasaga makali ya kioo kwa msasa na maji yasije yakakata mtu. Kisha nitabandika mbavu za kioo kwa ndani, upana wa vidole vitatu, chini kidogo ya ukingo. Kwa mbali hazionekani. Kama hazitaki, basi aweke maji nusu. Gundi nimeagiza Sirari, ile isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua na samaki. Ikikaa wiki nzima ikakauka nitajaza maji kidogo kidogo, kila siku kimo cha kiganja, huku napima kwa uzi kama kioo kinatuna. Na fremu ya chini ikishatoka, tangi haliwezi tena kuwekwa juu ya meza yoyote tu. Litataka meza iliyonyooka kabisa na godoro jembamba chini yake.

Fremu ya aina hii haitoki kwa kisu. Mimi huilainisha kwa pasi ya mkaa. Napitisha pasi juu ya plastiki, Sabaha anavuta upande wa pili. Mvua zimeanza, kwa hiyo tutafanyia chumba cha ndani na kufunga mlango, upepo wa baridi usipige kioo chenye moto kikapasuka. Sabaha ana mimba ya miezi sita, lakini ukimwambia apumzike anakununia mpaka kesho.

Jambo moja. Ni samaki gani hao waliofugwa humu? Sijaona gamba hata moja, wala ule utando wa kijani.

Fundi Tamimu


Nyangoto,
14 Oktoba 1997

Dada Kezia, shikamoo.

Pole na kazi ya zahanati hapo Nata. Sisi huku tunaendelea, mvua ni nyingi na mashimo mawili yamejaa maji. Watu hawajaacha kuja. Jana wamekuja wengine kutoka Shinyanga na sururu zao, wamelala kwenye baraza letu.

Nina jambo, na nakuuliza wewe kwa sababu ni muuguzi na kwa sababu sina mwingine.

Nimemwandikia mtu uongo. Unalikumbuka lile tangi la kioo nililokueleza Pasaka, lililokuwa chumba cha nyuma? Halijawahi kuwa na samaki tangu lifike kwetu. Miaka minne limekuwa la kuoshea zebaki. Wachimbaji wanasaga mawe, wanachanganya mchanga na zebaki, zebaki inashika dhahabu, halafu wanasafishia humo. Mzee Waitara alipenda liwe la kioo kwa sababu wenye shimo hawaaminiani. Wanasimama pande zote nne na kila mmoja anaona. Humo chumbani nimehesabu watu kumi na tisa wamekodoa macho kwenye maji ya matope kama wanaangalia mpira.

Zebaki inakimbia, wewe unaijua. Imeingia chini ya fremu. Ukilitikisa tangi unaiona inapita kwenye mfereji wa plastiki. Mzee anaamini mle ndani kuna dhahabu ya miaka minne. Alijaribu kuitoa mwenyewe kwa kisu, kioo kikalia, akaacha. Sasa amepata njia: fundi atoe fremu, tangi lipendeze, na uchafu urudi kwake auchome, zebaki ipotee dhahabu ibaki.

Nilipokuwa naandika nilimwambia, "Mzee, tusipomwambia fundi kwamba lilikuwa na zebaki..."

"Nani amesema zebaki? Fundi akijua atairudisha yote? Mura, kijana wewe, umeajiriwa kuandika au kufikiri?"

"Kuandika, mzee."

"Basi andika samaki."

Nikaandika samaki.

Leo fundi amejibu kwamba atalainisha fremu kwa pasi ya mkaa, ndani, mlango umefungwa, na binti yake mjamzito akimsaidia. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Hapa watu huchomea zebaki nje na wanasimama upande unakotoka upepo, lakini wengine huchoma popote na bado wanatembea. Labda naogopa bure. Unajua mimi ni mwoga tangu utoto.

Karani aliyenitangulia alisema neno moja mbele ya mteja, na wiki ile ile ikasemekana ameiba. Sungusungu walimvunja mkono. Ruhusa ya kwenda Tarime sipewi. Niambie, dada, moto wa pasi unatosha kuleta madhara?

Mdogo wako,
Joram


Nata, Serengeti,
19 Oktoba 1997

Joram,

Marahaba. Moto wa pasi unatosha na kubaki.

Mwezi wa tatu waliniletea mwanamume aliyechomea zebaki jikoni kwake, mlango umefungwa, majirani wasione. Tulimtibu malaria siku tatu kwa sababu hakuna aliyetuambia kitu kingine. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Mtu anahisi ladha ya chuma mdomoni, kifua kinabana, homa, basi, anafanana na wagonjwa wengine wote kwenye benchi. Mkewe alikuja kutaja zebaki siku ya nne. Siku ya nne ilikuwa ya mazishi. Kwa mwenye mimba sina haja ya kukueleza, mvuke ule unamfikia mtoto.

Unaniuliza kama unaogopa bure. Huogopi bure. Lakini woga wako umekaa upande usiofaa.

Mwandikie leo. Litaje jina la kitu chenyewe. Na uache kujificha nyuma ya "kwa niaba ya", kwa sababu fundi akiulizwa na daktari amesikia wapi, lazima kuwe na mtu. Kazi ikiisha, njoo hapa. Ugali upo.

Kezia


Nyangoto,
22 Oktoba 1997

Kwa Fundi Tamimu Faridu,
Nkende, Tarime.

Mzee, shikamoo.

YAH: TAHADHARI KUHUSU KIOO

Rejea barua yako ya tarehe 11 Oktoba.

Napenda kukujulisha kwamba kioo cha tangi kina ufa mwembamba sana usioonekana kwa urahisi. Kwa sababu hiyo unaombwa usitumie moto wala pasi. Fremu iondolewe kwa wembe na maji baridi, nje ya nyumba. Aidha, ingefaa binti yako apumzike.

Kuhusu samaki, sina maelezo zaidi.

Wako mtiifu,
Kny: S. Waitara


Nkende, Tarime,
27 Oktoba 1997

Kwako Karani usiye na jina,

Barua yako imenifikia jana, kondakta anasema gari lilikwama siku mbili kwenye tope. Nimeutafuta huo ufa. Nimelibeba tangi hadi uani, nimeliangalia juani, nimepaka wino na kufuta, nimegonga kioo kwa kucha na kusikiliza. Miaka thelathini na moja nakata vioo. Ufa haupo. Sabaha anasema huenda ufa uko kwenye miwani ya karani.

Tena umechelewa. Fremu ya juu nilishaitoa tarehe 20 na 21, kwa pasi, na imetoka kama ganda la ndizi. Ipo kwenye mfuko kama mlivyotaka. Iliyobaki ni ya chini, ambayo ni nene na imeng'ang'ania. Ningeshaimaliza, ila nimeshikwa na homa. Kifua kizito, na mdomo una ladha kama nimelamba shilingi. Nimemeza klorokwini, inapungua. Sabaha anaumwa kichwa, lakini mwenye mimba haishiwi maumivu.

Jumamosi hii nitawasha pasi nitoe fremu ya chini. Nimekubali kazi kwa tarehe na sipendi kuonekana mbabaishaji kwa sababu ya mvua.

Ila nina neno. Mtu hamwambii fundi apumzishe binti yake kwa sababu ya ufa kwenye kioo. Barua yako niliisoma mara mbili na nikaona kuna kitu unakizunguka. Kama kipo, niambie. Mimi ni mtu mzima, nitakihimili.

Fundi Tamimu


Nyangoto,
Alhamisi, 30 Oktoba 1997

Kwa Fundi Tamimu Faridu,
Nkende, Tarime.

Mzee, shikamoo.

YAH: ZEBAKI

USIWASHE PASI. Naomba usome mstari huu kwanza, hata kama hutasoma mingine.

Mimi naitwa Joram Gidion. Nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha sita, kwetu ni Nata. Ndimi niliyeandika barua zote mbili ulizopata. Tangi halikuwa la samaki. Kwa miaka minne limetumika kuoshea zebaki na dhahabu. Nililijua hilo nilipoandika kwamba lilikuwa la samaki. Hakuna ufa. Niliutunga ufa kwa kuogopa kutaja zebaki, na nikadhani utanitii bila mimi kusema.

Zebaki imejaa kwenye mfereji wa fremu ya chini. Ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana na usionuka. Homa yako na hiyo ladha ya shilingi huenda si malaria. Dada yangu Kezia ni muuguzi wa zahanati ya Nata na haya ndiyo anayoyasema.

Mtoe Sabaha kwenye nyumba hiyo leo. Fungua milango na madirisha. Msifagie chumba kile, ufagio unaitawanya zebaki ikawa matone madogo zaidi. Fremu ya chini itolewe nje kabisa, kwa wembe, ikiwa baridi, tangi likiwa juu ya karai lenye maji. Kitakachodondoka, pamoja na fremu na gundi yote, kiwekwe kwenye chupa yenye maji na kifuniko cha kubana. Usimrudishie Bwana Waitara. Usichome kitu.

Wewe na Sabaha nendeni hospitali, mmwonyeshe daktari barua hii. Akiuliza nani amesema, ni mimi. Nitasema hivyo hivyo mbele ya yeyote.

Sijui kuomba msamaha kwa jambo la namna hii. Nimelijaribu mara tatu na nimefuta.

Nimeandika nakala tatu kwa kaboni. Ya kwanza nampa kondakta, ya pili dereva wa lori la mahindi, ya tatu Mama Bernadetha, anayeuza ndizi Tarime kila Jumamosi. Ukipata zaidi ya moja, ni barua ile ile.

Joram Gidion


Kewanja, kwa Mama Regina,
3 Novemba 1997

Dada Kezia, shikamoo.

Nimeandika kama ulivyosema, ila nimechelewa siku nane, na sijui kama barua imefika. Basi halijaondoka tangu Alhamisi, daraja limefunikwa. Lori la mahindi limelala mtaroni, nimeliona kwa macho yangu. Mama Bernadetha aliondoka Ijumaa alfajiri kwa miguu, ndizi kichwani, na barua ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kanga. Nilimwambia ni ya kufa na kupona. Akasema, "Wewe karani kila karatasi kwako ni ya kufa na kupona." Lakini aliichukua.

Kazi imeisha. Nilikuwa mwangalifu kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Nilizipeleka nakala zote mwenyewe, kisha zile karatasi za kaboni nikazirudisha kwenye droo, kama nilivyozoea, kwa sababu kaboni hutumika tena. Zilikuwa mpya. Kaboni mpya ikiandikiwa mara moja inabaki na kila herufi. Ijumaa mzee alitafuta kaboni ya stakabadhi, akaiinua dirishani.

Alisoma polepole, kwa sauti, mpaka kwenye jina langu. Wateja walikuwepo.

"Joram Gidion," akasema. "Kumbe una jina. Mimi nilidhani nimeajiri kalamu."

Akaniambia ikifika Jumapili nisionekane Nyangoto, na kwamba yeye mwenyewe anakwenda Tarime barabara ikipitika, akachukue mali yake. Hakunipiga. Nadhani ni kwa sababu ya wale wateja.

Sasa nimekaa kwa Mama Regina, amenipa pa kulala, nasubiri mto upungue nije kwako. Juzi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nzima nilikuwa nafikiria mkaa. Unachukua muda gani kushika moto kama ni wa mti wa mkungugu, kama umenyeshewa, kama fundi ni mzee na anapepea kwa mkono mmoja. Sikuweza kula.

Joram


Nkende, Tarime,
5 Desemba 1997

Kwa Joram Gidion,
Kwa Muuguzi Kezia, Zahanati, Nata.

Salaam,

Mimi ni Sabaha, binti wa Fundi Tamimu. Baba anasema nikuandikie mimi kwa sababu mkono wake kwa sasa haushiki kalamu vizuri. Nitakueleza kila kitu kwa mpangilio.

Barua ililetwa na yule mama wa ndizi, Jumamosi ile, saa nne asubuhi. Miguu yake ilikuwa imevimba. Baba alikuwa ameshawasha pasi na amefunga mlango. Alikuwa amepitisha pasi kwenye fremu ya chini mara moja, kiasi cha dhiraa moja, akasimama kupuliza majivu. Nikasikia hodi, nikatoka na barua uani kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Nikasoma mstari wa kwanza. Sikumsomea, nilipiga kelele. Baba alidhani nimeshikwa na uchungu, akatoka mbio na pasi mkononi, ikamdondoka kwenye maji ya mvua.

Tulikwenda hospitali siku ile ile. Daktari aliisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Alisema bila karatasi hii angetuandikia dawa ya malaria na kutuaga. Baba alilazwa siku kumi na mbili. Kifua kimepona. Mikono inatetemeka, na daktari hasemi kama itaacha. Mimi wamenipima damu na kuipeleka Mwanza, bado hatujajibiwa. Mtoto anacheza. Kila anapocheza naweka mkono, nahesabu. Sikuandikii hivi ili uumie, naandika kwa sababu umesema ukweli nami nakuambia ukweli.

Bosi wako alikuja tarehe 15 Novemba, baba amerudi nyumbani siku mbili tu. Alikuja na ile kaboni yako. Akasema karani wake ni mwizi na mwongo, tangi lilikuwa la samaki, tena sato, na anataka tangi na mfuko wake. Baba hakugombana. Aliniambia, "Sabaha, lete pasi." Nikaleta. Akamwambia, "Karibu chumba cha ndani, Bwana Waitara. Kiti kile pale. Fremu ya chini bado haijatoka. Tunafunga mlango, mimi nawasha mkaa, wewe unanisimulia habari za sato."

Yule bwana alisimama mlangoni. Aliangalia kiti, akaangalia pasi. Akasema ana haraka, barabara itaharibika. Hakukanyaga hata kizingiti. Majirani wote walikuwa uani, na bwana afya wa wilaya pia, maana daktari alikuwa amemtuma kuja kuchukua chupa ya zebaki iliyodondoka kwenye karai tulipolitoa tangi uani. Aliichukua mbele ya bosi wako. Nusu chupa, Joram. Ilikuwa inang'aa kama macho ya paka.

Fremu iliyobaki niliitoa mimi nje, kwa wembe na maji, nimejifunga kitambaa, siku ambayo daktari aliruhusu na bwana afya akisimamia. Nilikwangua gundi yote. Baba alikaa mbali kwenye kigoda akinielekeza, na kila nilipokosea alipiga paja. Mbavu za kioo nimebandika mimi. Ni mara yangu ya kwanza. Tumelijaza maji kidogo kidogo kama alivyokuandikia, na leo limejaa. Uzi unaonyesha kioo hakijatuna. Liko uani, kioo kitupu, halina fremu, unaona ukuta wa jirani kupitia humo. Halina samaki, na hatutaweka. Bwana afya anasema litakaa hapa mpaka shauri liishe, na kwamba utaitwa kutoa maelezo. Baba ameniuliza kama utakuja. Nimemwambia mtu aliyeandika nakala tatu atakuja.

Ameniomba kalamu amalizie mwenyewe. Usimcheke kwa mwandiko.

Sabaha Tamimu

Joram Gidion.
Shikamoo zako ni tatu. Mbili sikuziitikia maana hazikuwa na mtu.
Hii ya tatu, marahaba.
Tamimu